Siku Tuliyofungulia Pango Maji

Mchezo wenyewe nitaueleza kwa ufupi, maana kila nikiueleza kwa urefu watu wananitazama kama nimelewa. Mnakaa kuzunguka meza. Mmoja ana kitabu na wengine hawaruhusiwi kukichungulia. Mwenye kitabu anawaambia: mko mbele ya pango, ndani kuna giza na harufu ya kitu kilichooza, mnafanya nini? Wenzake wanasema wanachofanya. Mmoja ni mpiganaji, mwingine mwizi, mwingine mchungaji wa kanisa. Ukitaka kumpiga mtu upanga unarusha dadu, na dadu ndiyo inayosema kama umempiga yeye au umepiga ukuta. Hakuna anayeshinda. Mnacheza mpaka pango liishe, mnagawana hazina, halafu kila mtu anarudi kwao akiwa maskini vilevile.

Mwenye kitabu nilikuwa mimi. Si kwamba nina akili kuliko wenzangu, ripoti zangu za shule zipo na yeyote anaweza kuzisoma. Ni kwamba begi lilikuwa langu.

Nilipoingia darasa la sita mama alininunulia sokoni Kwa Sadala begi la mgongoni la mtumba, zipu mbovu. Kwenye mfuko wa ndani tukakuta vitabu vinne vyembamba vya Kiingereza vyenye picha za mazimwi, na kifuko cha dadu za ajabu, nyingine zina nyuso nne, nyingine nane. Mama alivichukua vile vitabu kuwashia moto, akakuta karatasi yake inang'aa na haishiki. Akanirudishia kwa hasira. Kitabu cha kwanza kilieleza kwamba inahitajika dadu yenye nyuso ishirini, ambayo haikuwemo, kwa hiyo tulikusanya vizibo ishirini vya soda, tukaviandika namba, tukavitia kwenye soksi ya baba. Soksi ilikuwa safi siku tuliyoanza.

Wachezaji walikuwa watatu, na tangu darasa la sita hawakubadilika. Wa kwanza ni binamu yangu, binti wa shangazi, amenizidi mwaka mmoja na ananikumbusha kila siku kana kwamba ni miaka arobaini. Yeye alikuwa mwizi. Hajawahi kukutana na kiumbe mgeni akamwamkia kwanza, alikuwa anachoma kisu halafu ndiyo anauliza huyu alikuwa nani. Wa pili ni jirani yetu, mtoto wa katibu wa mfereji. Baba yake ni katibu wa kamati ya mfereji na pia ni mzee wa kanisa, kwa hiyo tulimpa uchungaji bila kumuuliza. Wa tatu tulimwita Majengo, kwa sababu baada ya darasa la saba alihama kutoka kwa bibi yake hapa Masama akarudi mjini kwa wazazi, wanakopanga vyumba viwili Majengo, na baba yake ni fundi cherehani. Yeye alikuwa mpiganaji. Kila Jumamosi ya likizo alipanda gari mpaka njia panda, akamalizia mlima kwa miguu, akafika anahema na kulalamika kwamba huku juu hewa imekaa kama maji ya baridi.

Tulichezea stoo ya kahawa nyumbani kwa Katibu, kwa sababu likizo ya Juni stoo ni tupu, msimu haujaanza. Ukikaa juu ya magunia mawili na kuweka ubao kwenye debe, una meza.

Sasa nieleze kilichokuwa kinanikosesha raha. Kitabu cha kwanza kilituchukua mwaka mzima, kwa sababu nilikuwa sielewi nusu ya kilichoandikwa na ile nusu nyingine nilikuwa naitunga. Cha pili kilichukua likizo moja. Cha tatu, siku nne. Wenzangu walikuwa wamejanjaruka. Kilikuwa kimebaki cha nne, na baada ya hapo hakuna kingine. Nilishauliza kwenye maduka yote ya vitabu mjini. Muuzaji mmoja alinisikiliza kwa makini mpaka mwisho, kisha akanionyesha kitabu cha ufugaji wa nyuki.

Na huku binamu yangu alikuwa ameanza kuulizwa na shangazi, msichana mkubwa anakaa stoo na wavulana anafanya nini. Majengo alikuwa amepata washikaji wapya wa kwenye banda la video. Nilijua kitabu cha nne kikiisha, na sisi tumekwisha. Hatutagombana, hapana. Tutakutana tu Krismasi, tutaulizana habari za shule, kila mtu ataangalia viatu vyake.

Kwa hiyo niliapa kwamba hicho cha nne kitafika mwisho wa likizo. Lilikuwa pango la vyumba thelathini. Nilikiandaa muhula mzima. Ramani yake niliichora nyuma ya daftari la baiolojia, na siku moja mwalimu akasimama nyuma yangu.

"Hii ni nini?"

"Mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, mwalimu."

Akaitazama kwa muda. "Utumbo mkubwa uko wapi?"

Nikamwonyesha chumba cha ishirini na mbili. Akanisahihisha mahali ini linapokaa, akaenda zake. Hadi leo pale palipo ini kuna mtego wa mikuki.

Jumamosi ya kwanza ya likizo tukakaa. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba na mama wa nyumba ile alikuwa ametuletea sufuria ya mtori wa ndizi. Nikakohoa kidogo kama mtangazaji wa redio, nikaanza.

"Mmeamka kwenye kijiji cha wakulima mlikolala, mmetembea, na sasa mbele yenu kuna kilima cha mawe. Chini ya mwamba kuna mlango wa pango, na njia yake inateremka kwenda ndani. Humo wanaishi vibwengo, na inasemekana wana hazina. Juu ya kilima mnasikia mto."

Huo mto ulikuwa mapambo. Kitabu kiliuweka ili pawe na sauti ya kutisha, basi. Hakuna mahali pengine popote palipoutaja.

Mtoto wa Katibu akaacha kijiko. "Mto uko juu?"

"Juu, ndiyo. Mnaingia?"

"Ngoja. Na mlango uko chini?"

"Nimeshasema. Kuna giza. Mnasikia kama sauti ya—"

"Na njia inateremka kwenda ndani," akasema taratibu, huku akiwatazama wenzake mmoja mmoja. Nikaona binamu yangu anaanza kutabasamu, na tabasamu lake silipendi tangu utotoni.

"Weka upanga chini," binamu yangu akamwambia Majengo. "Tunataka majembe."

"Hamna majembe," nikasema.

"Kile kijiji tulicholala si ulisema ni cha wakulima?"

"Ndiyo."

"Wakulima gani hao hawana majembe?"

Nikawapa majembe. Ningefanyaje? Mtu mgeni na kwetu anaweza asielewe uzito wa jambo hili. Masama mtoto anajua kuongoza maji kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mifereji imekata mlima wote, imechimbwa na mababu, na kila nyumba ina siku yake ya kufungulia maji yaingie kihambani, kule kwenye migomba na kahawa. Yule aliyeandika kitabu hakuwahi kuwawazia watu wa aina hii. Alidhani ukimwonyesha mtu pango ataingia.

"Banio la kuzuia mto tunalijenga na mawe na vigogo vya migomba," alikuwa anaeleza mtoto wa Katibu.

"Nchi hiyo haina migomba," nikasema kwa ushindi.

Wote watatu wakanitazama kwa huruma.

"Nchi gani haina migomba?" akauliza binamu yangu.

Nikakimbilia kwenye ardhi. Nikasema kati ya mto na mlango kuna mwinuko, maji hayapandi mlima. Wakasema watazunguka. Nikasema hayafiki. Wakasema yanafika. Tukapandishiana sauti mpaka mlango wa stoo ukafunguka, akaingia Katibu mwenyewe kuchukua koleo.

"Shikamoo, baba," tukasema wote, wapole kama kwaya.

"Marahaba. Mnagombania nini?"

"Jiografia, baba," akasema mwanawe.

Katibu akachuchumaa kwenye ramani yangu, akaigeuza, akaitazama kwa jicho moja. Nilimwonyesha mto, mwinuko, mlango. Nilijua mtu mzima atakuwa upande wangu. Akachukua penseli na kuchora mstari mmoja uliopinda kando ya kilima, akaupitisha mahali ambapo mimi mwenyewe niliyechora sikuwa nimepaona.

"Hapa yanatembea yenyewe. Hata hayahitaji kusukumwa."

Wenzangu walijikaza wasicheke mbele ya mzee. Majengo alilazimika kukohoa.

"Na humu ndani anaishi nani?" akauliza Katibu.

Nikajibu mimi. "Vibwengo, baba."

"Ukoo gani huo?"

"Si wa huku."

"Mh. Na huu mto ukitoka hapa unakwenda wapi?"

Nikaangalia. "Kijijini, baba."

"Basi mnakata maji ya watu," akasema. "Mmeomba kwa nani? Anayefungulia maji bila kikao anapigwa faini." Akachukua koleo lake akaondoka, kwa sababu yeye alikuwa na mfereji wa kweli wa kutengeneza baada ya masika.

Alipofika mbali, binamu yangu akasema, "Fungulia."

Wakafungulia. Niliwasomea vyumba vyote thelathini kimoja baada ya kingine, na kila kimoja nilimalizia kwa neno "kimejaa." Chumba cha silaha, kimejaa. Chumba cha mifupa inayotembea, kimejaa, mifupa inaelea. Nilipofika kwenye mtego wa mikuki mtoto wa Katibu aliniomba nirudie jinsi ulivyofyatuka wenyewe ndani ya maji bila kumchoma mtu. Nikarudia. Walicheka mpaka Majengo akaanguka kutoka kwenye gunia. Na mimi nilicheka, sitadanganya, ila nilikuwa nacheka kama mtu anayeangalia nyumba yake inaungua halafu paka anatoka na kofia ya baba.

Saa kumi kasoro pango lilikuwa limekwisha. Tulikuwa tumeanza saa nane.

Majengo akajifuta machozi, akasimama, akavaa sweta. "Aisee, hii imekuwa bomba. Basi mimi Jumamosi ijayo nitabaki mjini. Washikaji wana mpango kule kwenye video."

"Na mimi mama anataka twende kukata majani," akasema binamu yangu.

Hawakusema kwa ubaya. Walisema kama mtu anayesema mvua imekatika.

Wiki ile sikuwa na maneno, na mama alidhani naumwa. Nilijaribu kuandika kitabu cha tano mwenyewe. Kilikuwa na pango na vibwengo, na juu yake hakukuwa na mto, wala bwawa, wala umande. Nilisoma ukurasa wa kwanza nikalala.

Jumatano kulikuwa na msaragambo, ile kazi ya wote, kuusafisha mfereji. Kila nyumba inatoa mtu mmoja, na yetu ilinitoa mimi kwa kuwa nilikuwa natembea tu uani kama kuku mgonjwa. Tulikuwa tunatoa matope pale kwenye kona ya juu. Mwanamume mmoja jirani wa shangazi alikuwa analima matope huku akitangaza atakachomfanya mtu fulani aliyekuwa akijichotea maji kwa kitobo cha siri katika siku isiyo yake. Alikuwa amefika kwenye meno, akieleza atang'oa yapi na kwa mpangilio gani, mara huyo mtu mwenyewe akatokea njiani. Alikuwa ameshika jani la isale, yale majani marefu tunayopandia mipaka ya kihamba. Akamnyooshea.

Ukiletewa isale umeombwa msamaha, na huwezi kukataa. Wakubwa kwa wadogo, walokole kwa walevi, sijawahi kumwona aliyekataa. Yule mwenye meno akalitazama lile jani kama limemtukana. Akatazama mbingu. Akatema mate kando, akalipokea, akasema, "Wewe mtu una bahati mbaya sana, leo nilikuwa na nguvu." Kisha wakaanza pale pale kubishana juu ya siku za maji, na Katibu akaja na daftari, na ubishi huo ulidumu kuliko kazi yenyewe.

Nilisimama kwenye matope mpaka magotini, koleo mkononi. Katibu akaniuliza nacheka nini. Nikasema nimekumbuka kitu cha jiografia.

Nikawatumia wenzangu ujumbe, wa Majengo ukapelekwa na mama muuza ndizi: hazina haijagawanywa. Asiyekuwepo hapati. Jumamosi saa nane walikuwepo wote. Hazina ya uongo, dhahabu ya kwenye karatasi, na mtu ametoka mjini kuifuata.

Tukakaa. Kitabu sikukileta. Hakuna aliyeliona hilo.

"Maji yamepungua," nikaanza. "Pango ni matope. Mnashuka mkiwa na mienge. Mnapita chumba cha kwanza, cha pili. Hamsikii kitu. Hazina mnaiona kwa mbali inang'aa."

"Tunaichukua," akasema binamu yangu.

"Ila mbele yake amekaa kibwengo. Ni bibi kizee. Amelowa mpaka mifupani, anatetemeka."

"Namchoma kisu."

"Anasimama. Hana silaha. Ana kitu mkononi, anakunyooshea."

"Kitu gani?"

"Jani la isale."

Nje nilisikia ng'ombe wa Katibu anacheua.

"Huo ni uonevu," akasema binamu yangu.

"Unampiga kisu? Rusha dadu."

"Kalitoa wapi isale? Nchi ile haina isale."

"Nchi gani haina isale?" nikauliza.

Wiki nzima nilikuwa nimebeba sentensi ile mdomoni kama pipi. Alinyoosha mkono kunipiga kofi, akaurudisha.

"Lakini anatuombaje msamaha yeye?" akauliza mtoto wa Katibu. "Si sisi tuliomgharikisha?"

"Kitabu kinasema—" nilianza kudanganya, nikaacha. "Anasema hajui amewakosea nini. Ila ameona maji yamekuja, akajua wamemkosea mtu. Watoto wake wamepanda juu ya mwamba. Anaomba msirudie. Na anaomba siku moja kwa wiki maji yapite kwao kidogo, ya kunywa."

"Mimi ni mtu wa mjini," Majengo akasema. "Huko kwetu mambo haya anapelekewa mjumbe wa nyumba kumi."

"Bibi yako akisikia unasema hivyo," akasema binamu yangu, "atakuletea mjumbe wa fimbo kumi." Kisha akavuta pumzi ndefu, mwizi aliyeua mapango matatu bila salamu, akanyoosha mikono yote miwili hewani juu ya ubao kama mtu anayepokea kitu. "Haya. Nimelipokea. Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu," nikasema kwa sauti ya kizee, na hapo tukaharibika kabisa kwa kicheko.

Tulipotulia nikawaambia kuna watu wanakuja kutoka bondeni, wana marungu. Ni wanakijiji, wale waliowaazima majembe. Mto wao umekauka. Wanataka kujua nani kafungulia maji bila kikao.

"Baba alisema," akanong'ona mtoto wa Katibu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeanza kuogopa kweli.

Jumamosi hiyo hatukupigana hata na panya. Tulifanya kikao. Mimi nilikuwa wanakijiji wote na vibwengo wote, nilibadilisha sauti mpaka koo likakauka. Majengo aliahirisha safari ya saa kumi, akaahirisha na ya saa kumi na moja. Tulikuwa tunagombania nani apewe Jumanne Katibu alipopita dirishani, akasimama. Kisha akaingia, akavuta gunia, akakaa.

"Jumanne mmewapa wale wa pangoni?" akauliza. "Kwa nini Jumanne? Siku hiyo watu wa juu wanafungulia, chini maji yanafika matope."

"Tulikuwa hatujaamua, baba," nikasema.

"Na faini?"

Hakuna aliyekuwa amefikiria faini. Katibu alikuwa amefikiria, nadhani tangu siku ya koleo. Alimpiga mwanawe faini ya debe moja la mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa kuchimba, binamu yangu debe moja kwa kuamrisha, na kwa Majengo akasita, akasema, "Wewe kwenu hamnywi, utaleta sukari." Kisha akanigeukia. "Na huyu bibi kizee ana watoto wangapi?"

Nikasema saba, bila kufikiri. Akatoa daftari lake, akaandika saba.

Basi likizo ikawa hivyo. Shangazi alikuja siku moja kumfuata bintiye, akakuta mzee wa kanisa amekaa stoo anaongoza kikao. Akarudi nyumbani bila swali na hakuuliza tena. Kila Jumamosi nilikaa bila kitabu, sijui nitasema nini, naulizwa swali nalijibu, na jibu linazaa ugomvi mwingine mtamu. Vibwengo walitaka kuoana na watu wa kijijini. Kijiji cha tatu kikajitokeza kudai mfereji ni wa babu yao.

Jumamosi ya mwisho hatukuwa tumemaliza hata nusu. Jumatatu shule zinafunguliwa. Katibu akafunga daftari lake akasema kikao kimeahirishwa mpaka Desemba.

Majengo alikuwa ameshavaa sweta, amesimama mlangoni, gari la mwisho linamsubiri kule njia panda. Hakuondoka.

"Andika," akasema.

"Niandike nini?" Katibu akauliza.

"Samahani, baba. Iandikwe kwamba hakuna kikao kitakachokaa bila mimi. Hawa nawajua. Nikiwa mjini watagawana siku zote za maji."

"Hilo ni pendekezo," akasema Katibu. "Linapigiwa kura."

Binamu yangu akanyoosha mkono huku akisema anafanya hivyo kwa shingo upande. Mtoto wa Katibu akanyoosha. Mimi nikanyoosha mikono yote miwili, mmoja wa vibwengo, mmoja wangu.